Muulize Jana Alipika Kilo Ngapi

Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, hasa mliofika mwaka wa pili na wa tatu katika sosholojia, sayansi ya siasa, maendeleo ya jamii, uchumi na fani jirani. Muda si mrefu mtaambiwa mwandike mapendekezo ya utafiti, kisha mwende uwandani. Najua wengi hulipokea agizo hilo kwa hofu. Kozi ya mbinu za utafiti imewapita kama orodha ya istilahi za kukariri: mkabala wa kitakwimu, mkabala wa kimaelezo, uhalali, uthabiti, sampuli nasibu. Mtihani ukiisha, istilahi nazo huyeyuka, na kinachobaki kichwani ni jambo moja tu, kwamba kufanya utafiti ni kutunga dodoso, kulitoa kopi, kuligawa na kulikusanya.

Jambo hili linanigusa, kwa sababu ninyi ndio mtakaokaa kesho kwenye halmashauri, wizara, mashirika na vyumba vya habari, na takwimu mtakazozalisha zitasaidia kuamua zahanati ijengwe wapi na mkopo apewe nani. Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba jibu la mtu halikai ndani yake likimsubiri mtafiti aje kulichukua. Jibu huzaliwa pale mnapokutana, na hubeba alama za swali lenyewe, za aliyeuliza, na za aliyekuwa amesimama pembeni.

Tuseme mwanafunzi amechagua mada ya aina tunayoiona sana kwenye maktaba zetu: mchango wa biashara ndogondogo katika kupunguza umaskini wa kaya, akiwatazama mama lishe wa Kariakoo. Amefika saa nne asubuhi. Chai imeshauzwa, chakula cha mchana bado. Mama amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo, na maharage yanachemka jikoni. Kijana ameletwa na mjumbe ili asionekane mtu wa mashaka. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Maswali ya mwanzo yanakwenda vizuri: umri, elimu, ndoa, idadi ya watoto. Kisha linakuja swali la tisa. Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani? Chini ya shilingi 100,000. Kati ya 100,000 na 300,000. Zaidi ya 300,000. Mama anamtazama mjumbe, anakitazama kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwa kijana, anarudisha macho kwenye mchele. "Andika hiyo ya katikati."

Kijana anaweka alama ya vema na kwenda swali la kumi. Alama ile ikifika kwenye kompyuta itakuwa namba, namba zitageuka asilimia, asilimia zitapangwa kwenye jedwali la sura ya nne, na hakuna atakayejua tena kwamba jibu lilitolewa hivyo.

Kwa nini alisema ya katikati? Kwanza, mama huyu hana kipato cha mwezi. Ana cha leo. Hela inaingia mchana na kutoka jioni ileile: mchele wa kesho, mkaa, madumu ya maji, ujira wa binti anayeosha vyombo, mchezo wa kila siku, marejesho ya mkopo. Mwezi ni kipimo cha mtu anayelipwa mshahara, na mwanafunzi wetu amekichukua kutoka kwenye dodoso la mtu mwingine bila kujiuliza kinamfaa nani. Pili, yupo mjumbe na kipo kitambulisho cha yule kijana. Mwishoni mwa 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao ya mwaka hayavuki shilingi milioni 4. Mfanyabiashara aliyepitia kipindi kile anajua kwamba kiasi cha mauzo yake, kikitamkwa mbele ya watu, kina matokeo. Mgeni mwenye karatasi anaweza kuwa wa chuo, anaweza pia kuwa wa manispaa au wa kodi. Akitaja kiasi kikubwa, ushuru unaweza kumfuata. Akitaja kidogo mno, na pengine huyu mgeni ana habari za mikopo ya halmashauri, ataonekana hawezi kurejesha. Katikati ni salama. Mama hajadanganya kwa ubaya. Amepiga hesabu kama mtu yeyote mwenye akili timamu.

Sasa tubadilishe mambo machache. Mjumbe amtambulishe mgeni, ashukuriwe, aende zake. Mwanafunzi arudi saa tisa alasiri, wateja wakiwa wamepungua, anunue chakula, akae kwenye benchi. Kisha aulize: Jana ulipika mchele kilo ngapi? Kilo moja inatoa sahani ngapi? Wali maharage unauza bei gani, na wali nyama je? Kuna kilichobaki? Mkaa wa jana ulinunua wa shilingi ngapi? Watoto walikula hapahapa? Mama aliyeshindwa na swali la mwezi atayajibu haya bila kusita, kwa sababu ndizo hesabu anazoishi nazo. Na hapo kitajitokeza kitu ambacho vile visanduku vitatu havikukiachia nafasi: familia nzima inakula kutoka kwenye sufuria ya biashara. Sehemu ya faida imeliwa kabla haijawa fedha. Anayepima umaskini wa kaya kwa kutazama fedha peke yake hataiona kamwe, na hilo lingeweza kuwa ndio ugunduzi mkubwa wa tasnifu yake.

Msije mkadhani haya ni matatizo ya wanafunzi tu. Kati ya 2007 na 2008 ulifanyika hapa Tanzania utafiti ambao natamani kila mwanafunzi wa sayansi za jamii ausome kabla hajaandika swali lake la kwanza. Watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt, Jed Friedman na John Gibson walitaka kujua kama namna ya kuuliza inabadilisha picha ya umaskini. Walichukua kaya zipatazo 4,000 katika wilaya 7, wakazigawa kwa bahati nasibu katika makundi 8. Kila kundi liliulizwa jambo lilelile, kaya inatumia nini na inakula nini, lakini kwa namna yake. Kaya nyingine zilipewa daftari la kuandika kila siku. Nyingine zilitakiwa zikumbuke siku 7 zilizopita, nyingine siku 14, nyingine zikaulizwa kuhusu mwezi wa kawaida. Kuna waliosomewa orodha ndefu ya vyakula na kuna waliosomewa fupi. Katika kundi moja kila mtu mzima alikuwa na daftari lake mwenyewe, na mdadisi akawa anamtembelea mara kwa mara.

Zingatieni neno bahati nasibu. Kwa kuwa kaya zilipangwa hivyo, hapakuwa na sababu ya kundi moja kuwa na njaa kuliko jingine. Lakini walipokokotoa ni watu wangapi wanaokula pungufu ya mahitaji ya mwili, kiwango kilianzia asilimia 19 kwa aina moja ya dodoso na kufika asilimia 68 kwa aina nyingine. Nchi moja, kipindi kimoja, watu wa aina moja. Kilichotofautiana ni karatasi.

Sababu zake ukizifikiria utaziona hata nyumbani kwako. Mama anayejibu kwa niaba ya kaya hajui kijana wake alikula chipsi wapi, wala baba alipitia mishikaki jioni gani. Muhogo uliochimbwa shambani hausemwi mpaka utajwe, maana haukununuliwa. Ukimwomba mtu akumbuke wiki mbili, atakumbuka siku ya nyama na kusahau siku za dagaa. Ukimuuliza mwezi wa kawaida, umempa kazi ya kuukokotoa wastani kichwani, kazi ambayo wewe mwenyewe ungeomba kikokotoo. Kwa hiyo mtu akikuletea takwimu ya njaa, ya ajira au ya ukatili wa majumbani, kabla ya kushangilia au kuipinga, omba uoneshwe swali lilivyoulizwa, aliyejibu ni nani, na aliulizwa kuhusu kipindi gani. Gazeti lisilotaja hayo limekupa nusu ya habari.

Nije kwenye sampuli, ambako naona taabu ya aina yake. Karibu kila tasnifu ya shahada ya kwanza ina fomula ya Yamane. Unachukua idadi ya watu wote, unaigawa kwa moja kuongeza zao la idadi hiyo na kipeo cha pili cha kiwango cha makosa. Soko lenye wafanyabiashara 2,000, kwa kosa la asilimia 5, linakupa 333. Fomula imeandikwa vizuri, imepigiwa mstari, msimamizi ameridhika. Kisha mwanafunzi anaingia sokoni na kuwahoji waliokuwa na nafasi, waliotabasamu, na waliokuwa karibu na lango. Kwenye sura ya tatu anaandika kwamba alitumia usampulishaji nasibu.

Hapo fomula haina msaada wowote. Hesabu ya Yamane inafanya kazi pale tu kila mfanyabiashara alipokuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, yaani ulikuwa na orodha, au ulihesabu meza na kuchukua kila ya sita bila kuruka ile yenye mama mkali. Waliokuwa na nafasi ya kuongea nawe ni wale ambao biashara yao imelala siku hiyo. Wenye wateja wengi hawana muda nawe. Umepima soko kwa macho ya waliokosa wateja, na hata ungewahoji watu 1,000 wa namna hiyo kosa lingebaki palepale. Afadhali wahojiwa 40 uliowachagua kwa utaratibu unaoweza kuueleza, na ukasema wazi kwamba ni 40. Siku hizi kuna jambo baya zaidi, la kurusha kiungo cha dodoso kwenye makundi ya WhatsApp na kusubiri. Watakaojibu ni rafiki zako na rafiki wa rafiki zako, wenye simu janja, wenye bando, wenye umri wako. Hao si vijana wa Tanzania.

Mtaniuliza, kama simu ina kasoro hivyo, mbona mashirika makubwa yanahoji kwa simu? Swali zuri. Shirika la Twaweza walipoanzisha Sauti za Wananchi, mradi wao wa kuhoji kwa simu, walianza na kaya 2,000 za Tanzania Bara zilizochaguliwa kwa nasibu na kutembelewa ana kwa ana, kijijini na mjini. Kisha wakawagawia wahojiwa simu na chaja za nguvu ya jua. Ndipo wakaanza kuwapigia. Walijua kwamba bila hatua hiyo sauti ya asiye na simu, na ya asiye na umeme wa kuichaji, isingesikika kabisa, na wakagharamia hatua hiyo. Mwanafunzi hana fedha za namna hiyo. Lakini kujiuliza nani hayumo kwenye orodha yangu, na kwa nini hayumo, hakugharimu chochote, na jibu lake liandikwe waziwazi kwenye tasnifu.

Sasa kuna wale wanaogombana: wewe ni mtu wa takwimu au wa maelezo? Naona ugomvi huu unawapotezea muda. Swali lako ndilo linalochagua njia, na mara nyingi linadai zote mbili. Twende Busia, magharibi ya Kenya, katikati ya miaka ya 1990. Wazazi, walimu na wafadhili wote waliamini kwamba shule zikipata vitabu vya kiada, matokeo yatapanda. Nani angepinga? Shule zenye vitabu vingi huonekana kufaulu zaidi. Shida ni kwamba shule hizo kwa kawaida zina pia wazazi wenye uwezo na mwalimu mkuu mwenye bidii, hivyo huwezi kusema kilichofanya kazi ni kipi. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichukua shule 100 za Busia na Teso, wakachagua kwa nasibu 25 za kupewa vitabu mwaka wa 1996, kisha wakalinganisha. Huyu Kremer ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Wastani wa alama haukupanda. Vitabu vilifika, watoto wakavipata, na wastani ukabaki palepale. Walipochambua zaidi waliona kuwa walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko hiyo ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto wa kijijini alifungua kitabu kipya asielewe ukurasa.

Ulinganisho ule wa shule 25 na zilizobaki ulionesha kwamba vitabu havikuinua wastani. Usingeweza kueleza kwa nini, mpaka mtu akafahamu lugha inayozungumzwa nyumbani, akaingia darasani, akaona nani anasoma na nani anakodolea macho picha. Mwanafunzi aliyebaki na takwimu peke yake angehitimisha kwamba vitabu havina maana, na serikali ikiamini hivyo watoto wangeumia. Aliyebaki na mahojiano peke yake angekusanya maneno mazuri ya walimu waliofurahia msaada, naye angehitimisha kwamba mradi umefanikiwa. Wote wawili wangekuwa wamefanya kazi kwa bidii na kukosea.

Kuna njia nyingine ya kujua, ndefu zaidi, na imetia mizizi katika ardhi hii yetu. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 aliishi na Wazaramo huko Bunju, siku hizo kijiji, leo kata ya Dar es Salaam, akifuatilia mila na uganga wao kwa kushiriki maisha ya kila siku. Baadaye, katika miaka ya 1970, alikuwa miongoni mwa walioongoza mradi wa Jipemoyo magharibi mwa Bagamoyo, ambapo watafiti wa Tanzania na Finland walifanya kazi na wanakijiji na wafugaji wakiwa washirika katika kuyatambua matatizo yao na kutafuta njia. Wanaosoma utafiti shirikishi duniani hukutana na kazi za Bagamoyo mapema sana. Inanisikitisha kwamba wanafunzi wetu wengi hujifunza mbinu hiyo kupitia mifano ya mbali, ilhali Bagamoyo ni mwendo wa daladala tu kutoka Dar es Salaam.

Sikwambii ukaishi kijijini miaka mitano. Muhula haukuruhusu. Nakwambia kabla hujaandika dodoso, nenda ukakae mahali utakapofanyia utafiti, bila karatasi mkononi, asubuhi moja na jioni moja walau. Sikiliza watu wanavyohesabu muda, kwa mwezi, kwa msimu, au kwa siku ya gulio. Angalia nani anaongea mbele ya nani. Kisha andika maswali yako, uyajaribu kwa watu wachache ambao hutawaweka kwenye sampuli, na baada ya kila swali waulize wameelewa nini. Utafuta nusu ya maswali uliyokuwa unayaonea fahari. Hilo zoezi dogo linaokoa tasnifu kuliko programu yoyote ya kuchambua takwimu.

Kibali nacho ni lazima. Tanzania vibali vya utafiti viko chini ya COSTECH, Kenya ni NACOSTI, na chuo chako kitakupa barua ya kupeleka mkoani na wilayani. Fuata utaratibu huo mapema, usingoje wiki ya mwisho. Ila usichanganye kibali na ridhaa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kukuruhusu uingie mtaani kwake. Hana uwezo wa kukubali kwa niaba ya mama lishe. Yeye mwenyewe lazima aelezwe unatafuta nini, kauli zake zitaandikwa wapi, na kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati asipungukiwe na kitu. Ukitaka kumrekodi kwa simu, omba. Na unapoficha jina lake, kumbuka kwamba jina si kitambulisho pekee. Ukiandika "mjane mwenye meza mbele ya stoo ya mitumba", mtaa mzima umeshamjua, na aliyoyasema kuhusu mgambo wa jiji yatamrudia.

La mwisho ni mrejesho. Watu wamechoka na watafiti. Wanahojiwa, wanashukuriwa, na hawasikii tena lolote, kisha mwaka unaofuata anakuja mwingine na maswali yaleyale. Andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, uwaeleze ulichokikuta. Zipeleke kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, omba dakika kumi katika mkutano wa wakazi, au rudi tu kwenye benchi la mama lishe ukamsimulie. Msimamizi wako huenda asikupe alama kwa kazi hiyo. Fanya hata hivyo, na uende na daftari, kwa sababu watu wakisikia matokeo ndipo husema, "Hapana, hapo hukutuelewa," na kukueleza yale ambayo dodoso halikuwahi kuwauliza. Yaandike, yapeleke kwenye sura ya tano, na useme umeyapata namna hiyo.